Flashi ya Bibi Harusi

Mama yangu husema mimi nilizaliwa nimeshakaa. Watoto wengine walitoka wakirusha mateke. Mimi, kwa maelezo yake, nilitoka nikitafuta kiti. Sijawahi kumbishia, maana kumbishia kunahitaji kusimama. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Dar, huyu Mbeya, yule Makambako kwenye maduka ya jumla. Mimi nikafungua biashara barazani kwa mama, hapa hapa Majengo: picha za pasipoti. Shuka la bluu ukutani, stuli moja, na kamera ndogo niliyoachiwa na shemeji. Mteja anakuja, anakaa, anakunja uso kama aliyeagizwa na serikali akunje, nampiga, anakwenda zake. Kusafisha picha napeleka kadi steshenari, nyumba ya nne kutoka kwetu, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu ya siku. Dunia ilikuwa inanifuata yenyewe, kidogo kidogo, ikiwa imechana nywele.

Chumba cha uani alipanga fundi cherehani, dada mmoja mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Siku moja alikuja barazani na sindano bado kaibana midomoni, akaitoa kwanza ndipo akasema:

"Kaka, picha za harusi yangu utapiga wewe."

"Mimi napiga watu waliokaa."

"Basi tutakaa."

Mama akacheka huko jikoni mpaka nikasikia kifuniko kinaanguka.

Nilidhani ni utani wa kawaida wa jirani. Lakini alivuta ile stuli ya wateja, akakaa mbele ya shuka la bluu, na uso wake ukawa kweli wa pasipoti. Akanieleza. Mama yake alikuwa ameteleza akitoka kisimani, akavunjika paja, na sasa alikuwa amelazwa Mbesa, kule Tunduru, kwenye hospitali ya misheni. Madaktari walikuwa wameshaamua: angewekewa chuma, na siku ilikuwa Jumatatu, harusi ikiwa Jumamosi. Yeye bibi harusi alitaka kuahirisha. Mama mtu akakataa katakata kwenye simu. Ndoa ikishatangazwa kanisani Jumapili tatu halafu ikaahirishwa, alisema, watu hawaulizi sababu, wanajaza wenyewe.

"Sharti lake moja tu," yule dada akasema. "Anataka anione nimevishwa pete kabla hawajamlaza mezani. Anasema wakimchoma sindano ya usingizi hajaona, atalala na wasiwasi, na mtu hatakiwi kuingia mule na wasiwasi. Mjomba anakuja harusini, Jumapili anarudi Mbesa. Atampelekea."

"Sawa."

"Kaka, nakuomba kitu kimoja. Usisahau flashi. Bila flashi mama haoni kitu."

Nikamwambia asiwe na shaka. Mjomba atazibebaje picha hizo sikuuliza. Hakuna jambo katika harusi zetu lisilo na kamati, nikajua na hilo lina kamati yake. Mimi nikabaki na lile neno.

Kuanzia siku hiyo sikukalika, mimi niliyesifika kwa kukaa. Kamera ya shemeji ilikuwa inaweza uso mmoja kwa wakati mmoja, mchana, mbele ya shuka. Harusi ni watu mia mbili wanaotembea. Nilikuwa na akiba yangu ya picha za pasipoti, nikaenda kwenye duka la simu ambalo pale kwenye kioo, katikati ya chaja na makava, palikuwa na kamera mbili za mtumba kutoka Dar.

Moja ilikuwa kubwa, nzito, na mkanda mwekundu wa kuning'iniza shingoni. Nyingine ilikuwa mpya zaidi, nyepesi, na kila nilichosoma kwenye simu kuhusu kamera za harusi kilisema chukua hiyo. Nikairushia jicho. Nikaishika. Ilikaa mkononi kama kipande cha sabuni.

"Hii ndiyo kamera," mwenye duka akasema.

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ndiyo heshima."

Nikakaa nalo hilo siku nzima. Ukweli ni kwamba mpiga picha wa harusi mjini kwetu hapimwi kwa picha, maana picha zinakuja baadaye, watu wameshakula. Anapimwa anapoingia mlangoni. Ukiingia na kikamera kama sabuni, shangazi wa bwana harusi atakuuliza umetumwa na nani. Kesho yake nikarudi nikachukua heshima. Haikuwa mbaya, nisiisingizie. Ilikuwa ya zamani tu, na gizani ilikuwa inaona kama mimi ninavyoona asubuhi kabla ya chai.

Pesa iliyobaki ilitosha kitu kimoja cha nyongeza. Palikuwa na lenzi fupi, ile yenye jicho pana, inayokunywa mwanga hata ukiwa kidogo. Na palikuwa na flashi ya kupachika juu ya kamera, kichwa chake kinageuka huku na huku kama cha bundi. Nilienda dukani mara tatu. Mara ya tatu mwenye duka alinipa kiti bila kunisalimia. Kila mtu anayejua picha angechukua lenzi. Lakini sikio langu lilikuwa limejaa sauti ya yule dada: bila flashi mama haoni kitu. Nikamwona huyo mama, macho ya utu uzima, kalala wodini, anashika picha nyeusi. Nikachukua flashi.

Siku zilizobaki nilizifanya za mazoezi. Alhamisi saa nne, saa ile ile ya misa ya ndoa, nilikwenda kanisani kuangalia mwanga. Nikapita katikati, nikarudi, nikakaa benchi la mbele, nikahama. Mama mmoja aliyekuwa anafagia akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nyumbani nilimvalisha mama shela la shuka jeupe nikampiga, na hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kamera ikiona nguo nyeupe nyingi inashtuka, inadhani jua limeingia ndani, inajifunika macho. Nguo inatoka vizuri, na mwenye nguo anatoka kama sufuria ya makande. Lazima upime mwanga kwenye uso wa mtu, nguo ijitegemee.

"Umeniozesha kwa nani?" mama akauliza, bado na shela kichwani.

"Kaa vizuri, bibi harusi."

"Bwana harusi mwenyewe akiwa hatoki ndani kama wewe, nakataa mapema."

Jumamosi nilifika kanisani mapema kuliko katekista. Betri nilikuwa nimezichaji, nikazitoa, nikazipanguza, nikazirudisha, nikazitoa tena. Kulikuwa na baridi ya Julai, lile wingu linalokaa juu ya mji mpaka mchana kama limepanga chumba, na mule ndani mwanga ulikuwa mdogo kuliko Alhamisi. Sikujali. Flashi yangu ilikuwa juu ya kamera imeinua kichwa. Watoto wa kwaya waliiangalia kwa adabu. Shangazi mmoja alinisogezea njia bila kuniuliza nimetumwa na nani. Heshima ilikuwa inafanya kazi yake.

Katekista akanijia, akanigusa bega.

"Mpiga picha, Padri anasema flashi hapana. Misa siyo disko. Na altareni usikanyage."

"Hata wakati wa pete?"

"Hasa wakati wa pete."

Kisha akapanda mbele akawatangazia watu wote: simu mfukoni, mpiga picha yupo, tunaomba ibada isiwe mnada. Watu wakaweka simu. Nikasimama pale, macho ya watu mia mbili yamenitegemea, nimeshika tochi niliyokatazwa kuiwasha. Ile lenzi yenye jicho pana niliiona kichwani mwangu waziwazi, iko kwenye kioo kule Majengo, katikati ya makava ya simu, inakunywa mwanga wa bure.

Nikazima flashi. Nikaongeza uwezo wa kamera kuona gizani mpaka pale picha inapoanza kutoa chenga kama unga wa dona, kwani picha yenye chenga ina nafuu kuliko picha isiyokuwepo. Nikaegemea nguzo, nikabana viwiko mbavuni, nikawa nabana na pumzi. Niliyoyajua kuhusu harusi yalinisaidia kidogo: nilishahudhuria nyingi kama mlaji, na mlaji anajua kinachofuata nini. Pete inavishwa mkono wa kushoto, basi nilikuwa upande ambao mkono huo unaniangalia.

Picha ya kwanza ya pete, mikono imetikisika, haijulikani nani anamvisha nani. Ya pili, mkono wa joho la Padri umepita mbele kama pazia. Wakati huo pete ikawa imegoma kwenye kifundo cha kidole. Bwana harusi alisukuma. Ikagoma. Kwaya ilikuwa inasubiri, kanisa zima kimya, na mimi kifua kinataka kupasuka kwa pumzi niliyoibana. Nikabonyeza. Ikaingia. Nikapumua kwa sauti mpaka mzee wa benchi la mbele akageuka kunitazama.

Sherehe ilikuwa mchana ule ule ukumbini, na hapo flashi yangu iliruhusiwa, nami nikaitumia kama mtu anayelipiza kisasi. Niliwamulika waliokuwa wanakula, waliokuwa wanacheza kuleta zawadi, mpaka mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba anayetaka kupimwa macho asogee kwa mpiga picha. Nikaanza kujisikia. Nikawa hata nawaambia watu wasogee kushoto.

Ndipo mjomba wa bibi harusi akanifuata, yule wa kutoka Mbesa, mzee mrefu wa koti la rangi ya udongo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kijana. Kazi nzuri. Flashi iko wapi?"

Nikamgeuzia kamera ili aione vizuri, nikawasha mara moja. Mzee akafumba macho.

"Hii hapa, mjomba. Mpya."

Alisubiri macho yarudi. "Hiyo nitaichomekaje kwenye televisheni?"

Neno lilikuwa moja. Kuna flashi ya kuwaka na flashi ya kuchomeka, na mimi kila wiki niko steshenari naona watu wanachomeka. Mtu mwenye akili angeuliza ipi. Muuguzi wa zamu kule Mbesa alikuwa amekubali kuwasha televisheni ya wodini Jumapili mchana, ichomekwe flashi, mama aone mwanawe akiolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kamati nzima. Kamati ilikuwa mimi.

Bibi harusi alitusikia. Alikuwa hatua mbili nyuma, anatoka kukata keki, na keki kidogo kwenye glavu.

"Si kuna steshenari, kaka? Ukahamishe sasa hivi."

Nilikimbia. Naomba niliandike tena hilo, kwa sababu mama yangu haamini mpaka leo: nilikimbia, kutoka ukumbini mpaka Majengo, na kamera ya heshima inanipiga kifuani. Steshenari ilikuwa imefungwa. Jirani akaniambia mwenyewe kaenda shambani kuvuna, anarudi Jumatatu. Nikajaribu ya pili, mashine yao haikusoma kadi yangu. Ya tatu umeme ulikatika nikiwa mlangoni, nikaanza kuhisi kuna mtu huko juu ananifanyia utani. Nikarudi ukumbini jasho linanitiririka ndani ya shati la kuazima.

Yule dada mwenye ulimi mkali kuliko mkasi hakunisema. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliniangalia, akashusha macho kwenye ile glavu, akasema taratibu, "Basi, kaka. Si kosa lako. Nitampigia nimsimulie." Nikaona kidevu chake kinavyojikaza, na watu wanamwita aje kucheza.

"Mjomba achukue kamera," nikasema. "Ina kioo nyuma. Anabonyeza tu."

"Kijana, mimi simu yangu yenyewe ya kitochi napigiwa tu," mjomba akasema. "Nikibonyeza nikafuta?"

Nilifikiria kitanda changu. Nilifikiria chai ya mama Jumapili asubuhi. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema utaipeleka wenyewe, na mwili ukiwa hauna habari.

Mama aliposikia hakucheka. Alikuja mlangoni mwa chumba changu nikiwa natafuta soksi, akasimama kama anayeaga maiti.

"Tunduru ni mbali," akasema.

"Najua, mama."

"Unajua kwa ramani." Akanipa mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye gazeti. "Ukichoka kukaa kwenye gari, usijali. Hiyo ndiyo safari uliyokuwa unajiandalia maisha yako yote."

Alfajiri ya Jumapili tukaondoka, mjomba dirishani, mimi na kamera mapajani. Tulipofika Namtumbo nilikuwa nimeshafungua mkoba mara nyingi kuhakikisha kadi iko ndani ya kamera hata mjomba akaniuliza kama kuna kitu humo kinapumua. Nilikuwa nawaza betri. Nilikuwa nawaza ile pete ya tatu, ambayo sikuwa nimethubutu kuiangalia, kwa kuogopa kukuta nayo imetikisika, na kwamba nasafiri kilomita zote hizo kumwonyesha mgonjwa mkono wa joho la Padri. Mjomba alilala. Mimi nikahesabu misitu. Tunduru tukapanda gari jingine, dogo, la vumbi, na kufikia saa nane na nusu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi ya wanawake Mbesa, rangi moja na koti la mjomba.

Kwenye gari hilo la pili dereva alikuwa ametuambia: analala Tunduru, anaondoka Mbesa saa kumi kamili, hakuna jingine mpaka kesho. Nikaishika saa kumi kama mtu anavyoshika kamba.

Mama mtu alikuwa kitanda cha dirishani, mwembamba, mguu umevutwa kwa kamba iliyopita juu ya chuma na kuning'iniza uzito mwishoni. Televisheni ya wodi ilikuwa ukutani, imewashwa, na wagonjwa wote wameshageuzwa kuielekea. Walikuwa wanasubiri harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye flashi?"

Bintiye alikuwa ameshampigia. Wodi nzima ilikuwa inajua. Mama wa kitanda cha pili, aliyejitanda ushungi, akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Alhamdulillahi, kumbe flashi siku hizi zina miguu."

Kamera haikuwa na waya wa kuchomeka kwenye televisheni, basi nikamvisha mkanda wake shingoni, asije akaiangusha, nikamwonyesha kitufe cha kusogeza. Kidole chake kilikuwa kikubwa kuliko kitufe. Akaanza. Watu wanaingia kanisani. Kwaya. Bintiye mlangoni na shela. Hapo akakaa muda mrefu, na mimi nikatazama saa, nikatazama dirisha. Akabonyeza. Mikono iliyotikisika.

"Hii nini?"

"Pete, mama. Nilitikisika."

Joho. "Na hii?"

"Padri."

Akabonyeza tena, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameileta kamera karibu na pua. Nikainama kuangalia naye. Picha ilikuwa ya chenga, giza kona zote, lakini mikono ilikuwa imetulia, pete imekwama pale pale kwenye kifundo, bintiye anauma mdomo asicheke, na bwana harusi, kwa juhudi ya kusukuma, ametoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mama mtu akaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikatafuta muuguzi kwa macho. Ule uzito mwishoni mwa kamba ukawa unacheza. Alikuwa anacheka, kwa uangalifu, mkono mmoja ukishika paja.

"Mwone," akamwambia mwenzake wa ushungi. "Huyu mkwe wangu anafanya kazi kwa ulimi."

"Lete nimwone mashallah."

Kamera haikuweza kwenda mbali, mkanda uko shingoni, basi yule mama akasaidiwa kukalishwa pembeni ya kitanda, na nyuma yake wakaja wengine wanaoweza kutembea. Televisheni ikazimwa. Muuguzi akalalamika kwamba muda wa wageni umekwisha, halafu na yeye akainama kuangalia ulimi.

"Imepita?" mama mtu akaniuliza. "Baada ya hapa, ilipita?"

"Ilipita, mama. Niliiona."

"Picha ya ilivyopita huna."

"Nilikuwa napumua."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akarudi kwenye kioo. "Haya. Nimeona inavyosukumwa. Kesho wanilaze hao watu, mimi nimeshaona."

Huko nje gari la Tunduru likapiga honi. Nikanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye ule mkanda. Mama mtu akausogeza mkono wangu kando bila kunitazama, kama mtu anavyomsogeza kuku mezani, akarudisha picha zote nyuma mpaka mwanzo. Mjomba alikuwa ameegemea mlango, akaniambia nyumbani kwake kuna mkeka. Honi ikapiga mara ya pili. Mama mtu alikuwa amefika kwa watu wanaoingia kanisani.

"Huyu wa kofia ni nani?" akauliza.

Nikavuta kiti.